Sheria ya Bibi wa Ukutani

Kitabu kilisahauliwa chini ya mto, katika chumba cha mwisho upande wa barabarani. Nakato, Mganda anayesafisha vyumba vya ghorofa ile, aliniletea ofisini pamoja na chaja ya simu na soksi moja ya mtoto, maana kila kitu kinachoachwa na mgeni lazima kipite kwangu. Aliviweka mezani, akakisukuma kile kitabu kwa kidole.

"Madam, huyu mama wa Kizungu wa jaladani ananitazama kama nimemwibia."

Nikacheka. Kisha nikakigeuza, na kicheko kikanikauka mdomoni. Yule mama nilimfahamu. Mama yangu alimfuta vumbi usoni kila asubuhi kwa miaka mingi, na mimi nilisimama chini yake nikimwangalia mpaka shingo ikaniuma.

Nilimwambia Nakato aende akamalizie vyumba vyake. Nikafunga mlango, nikakisoma kile kitabu nimesimama, kurasa za mwanzo tu, mpaka mwisho wa utangulizi. Nimeandika haya kwa sababu hasira ile haijaisha, na sioni kwa nini iishe.

Kwanza mjue anayeandika ni nani. Mimi ni msimamizi wa vyumba katika hoteli moja hapa Al Rigga. Nina stashahada ya uendeshaji wa hoteli niliyoipata nyumbani, nikisoma mchana na kupiga pasi mashuka ya wageni usiku. Nilirudi Dubai kwa visa yangu mwenyewe. Hakuna shangazi aliyenivuta, hakuna mjomba aliyenipigia simu, hakuna kafeel, mdhamini wa visa, aliyeombwa kwa machozi. Kadi ninayobandika kifuani ina jina langu lote, halijakatwa wala kufupishwa, na wageni wasioweza kulitamka hujifunza. Najisifu, ndiyo. Nimefanya kazi ya kutosha kujisifu.

Lakini kabla ya yote hayo nilikuwa mtoto wa mtaa wa Al Mankhool, kama wengi wenu Waswahili wa Dubai mtakaosoma hapa. Tulikaa chumba kimoja katika nyumba ya vyumba vitatu, familia tatu, jiko moja, na foleni ya choo kila alfajiri. Mnaikumbuka harufu ya zile korido: vitunguu vya Wahindi, udi wa Waunguja, na ile dawa ya mende iliyokuwa haiui mende. Baba alikuwa muuzaji katika duka la manukato papa hapa Al Rigga. Mama, Mwanakheri binti Ali, mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja, alifanya kazi ya nyumba kwa madam mmoja Mmarekani katika minara ya Jumeirah Lake Towers. Shule ilipofungwa nilikwenda naye, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniachia.

Dukani kwa Baba, juu ya kaunta, palikuwa na picha za watawala katika fremu za dhahabu. Kwa kinyozi zilikuwepo. Benki zilikuwepo, na hata kwa fundi cherehani aliyekuwa hana nafasi ya kuweka kiti cha pili. Siku moja nilimuuliza Baba kwa nini watu wale wako kila mahali. Alikuwa anapanga chupa, hakunitazama.

"Kwa sababu amri ya hapa ni yao," alisema. "Popote uingiapo, mwanangu, tazama ukutani, utajua uko chini ya nani."

Mtoto humeza maneno mazimazima. Mimi nililimeza hilo likakaa tumboni kama jiwe, na ndilo lililokuja kutuumbua.

Nyumba ya madam ilikuwa juu kabisa, vioo kutoka sakafuni mpaka darini, na ilinuka mdalasini na siagi, kwa sababu madam alipenda kuoka mikate ya kusokotwa yenye mdalasini. Alioka vizuri. Vyombo aliosha Mama. Hadi leo harufu hiyo ikipanda kutoka mkahawa wa chini hapa hotelini, nafunga mlango wa ofisi, na wenzangu hudhani nakwepa njaa.

Ukutani kwake hapakuwa na picha za watawala. Palikuwa na picha moja tu, kubwa, ya rangi ya chai, katika fremu nyeusi. Nilipoiona mara ya kwanza nilijua la kufanya: nikatazama nijue tuko chini ya nani. Palikuwa na watu wengi mle ndani. Mwanamume mwenye masharubu. Watoto wanne wamesimama wima kama wamemeza fimbo. Mwanamke aliyekaa kitini katikati, kola mpaka kidevuni, uso mkavu. Na pembeni kabisa mwanamke mwingine, mtu mzima, mweusi, amesimama na aproni nyeupe, amembeba mtoto mchanga kiunoni, mkono mmoja umemzunguka yule mtoto tumboni. Wote walikuwa wametulia isipokuwa yeye. Mtoto alikuwa akijinyonganyonga, na ule mkono wake ulikuwa umeingia ukungu kidogo kwa kutikisika. Mimi nikaona yeye peke yake ndiye mwenye kazi pale, basi lazima yeye ndiye mkubwa.

Madam alinikuta nimesimama. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kukumbatia watu. Akafurahi kwamba napenda picha yake.

"Unajua nani hapo ni mtu mashuhuri?" aliniuliza kwa Kiingereza.

Nikamwonyesha mwenye aproni.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Hapana, mpenzi! Huyo alikuwa msaidizi tu. Mashuhuri ni huyu aliyekaa. Huyu ni mama wa babu yangu. Na babu yangu mwenyewe ndiye huyo mchanga anayelia."

Ndipo akanisimulia, siku hiyo na siku nyingine nyingi, maana alikuwa akiandika kitabu juu yake na alipenda kupata msikilizaji asiyekatiza. Jina silitaji, nitamwita kama nilivyomwita wakati ule, Bibi Mbunge. Alizaliwa shambani, katika jimbo ambalo theluji hukaa nusu mwaka, baba yake mfuga ng'ombe na mlevi. Alianza kufundisha shule akiwa msichana, akaolewa na mwenye kinu cha unga, akazaa watoto watano. Kwanza alipanda majukwaani kupinga ulevi, kwa sababu alijua mlango unapigwaje teke baba anaporudi amelewa. Kisha akadai wanawake wapige kura. Walipoipata, akagombea, akashinda, akaingia bunge la jimbo, mwanamke peke yake katikati ya masharubu. Mume wake alikuwa akija kukaa kiti cha nyuma kabisa kumsikiliza, unga bado kwenye kofia. Watu walimtupia mayai. Walisema watoto wake watakufa kwa njaa na nyumba yake itaota nyasi.

"Lakini haikuota," madam alisema kwa fahari. "Watoto wote walikua, mmoja akawa daktari. Kila kitu kilikwenda kama saa."

Mama alikuwa anafuta meza. Alisema kwa Kiswahili, bila kuinua kichwa, "Kama saa, eti. Na aliyekuwa akiitia ufunguo?"

Jambo kubwa kuliko yote aliyofanya Bibi Mbunge lilihusu wanawake waliokuwa wakifua nguo za watu. Walifua mpaka ngozi za mikono zinachubuka, siku zote, bila kupumzika. Yeye alisimama bungeni na kupigana mpaka sheria ikapita: kila mwanamke afanyaye kazi ya kufua, ya jikoni, ya kulea watoto wa wenzake, awe na siku moja katika wiki iliyo yake, na asiitwe na mtu.

Hapo ndipo kichwa changu kilipofunga hesabu. Picha iko ukutani. Mwenye picha ndiye mwenye amri. Amri yake ni siku moja ya mapumziko. Kwa hiyo katika nyumba hii Mama ana siku yake, na mtu asimwite.

Lakini Mama alikuwa akiitwa. Enzi hizo mapumziko ya mji huu yalikuwa Ijumaa, na hata mkataba wa Mama ulisema Ijumaa. Alhamisi jioni simu ilikuwa inalia. "Kerry," madam alikuwa akisema, kwa kuwa Mwanakheri ni jina refu mno kwa mtu aliyeweza kutamka majina ya mvinyo wa Kifaransa, "Kerry, ni Ijumaa hii tu." Ijumaa hii tu ilikuwa kila Ijumaa. Mama alikuwa anajibu ndiyo madam, anakata simu, anaitazama simu kidogo. Baba akisema neno, Mama humwambia, "Ada ya shule utalipa wewe kwa manukato?" Na maneno yalikuwa yanaishia hapo.

Kila asubuhi alipofika kwenye ile picha na kitambaa chake, alianzia pembeni. Alimfuta kwanza yule mwenye aproni. "Hujambo mwenzangu," alikuwa anamwambia. "Umelala? Mimi pia sikulala." Kisha ndipo akawafuta wengine, harakaharaka, kama mtu anayefuta meza.

Sasa, wale waliopitia chuo kwa Bi Zuwena watakumbuka desturi ya nyumba ile. Bi Zuwena alikuwa mwalimu wetu wa Kurani, Muunguja wa zamani wa Deira, aliyekaa Dubai tangu mji wenyewe haujajua kujenga kwenda juu. Mtoto aliyemaliza msahafu alisomeshwa mwisho wake mbele ya wanawake wote, Ijumaa baada ya alasiri, kwa udi na halwa na mrashi. Na mama mzazi ndiye aliyemshikia mtoto msahafu. Hakuna kibao, hakuna mto. Mikono ya mama. Bi Zuwena alisema tumbo lililombeba mtoto ndilo lipewe kubeba na huo. Asiye na mama alishikiwa na nyanya au shangazi, lakini mwenye mama aliye hai na mzima, mama yake asipokuja, hakusoma siku hiyo.

Zamu yangu ilifika. Mama alinishonea gauni jeupe lenye uzi wa dhahabu shingoni, akalifukiza udi siku nzima. Alijaribu kukaa mkao wa kushika msahafu kwenye kitanda chetu, mgongo wima, mikono mbele, akaniambia, "Nikichoka usinione. Nitashika mpaka umalize." Sijawahi kumwona akijipamba vile. Alipaka hina. Alikuwa na siku yake, na siku hiyo ilikuwa na mimi ndani yake.

Alhamisi jioni simu ikalia. Nilikuwa karibu, nikasikia sauti ya madam yote.

"Kerry, najua kesho ni Ijumaa yako. Lakini kesho ni siku aliyozaliwa bibi wa pichani, na kitabu changu kimepata mchapishaji! Marafiki zangu wote wanakuja kula. Njoo tu mpaka saa nane."

"Madam, kesho mtoto wangu anahitimu. Alasiri lazima niwepo."

"Utakuwepo! Saa nane, yalla, mnaondoka. Naahidi."

Mama alinivalisha gauni langu asubuhi kabisa, ili tukitoka kwa madam tuende moja kwa moja Deira. Treni za Ijumaa zilikuwa hazianzi asubuhi, tukapanda basi, mimi nimesimama njia nzima ili gauni lisikunjike. Pale chini ya mnara alikuwepo Wanja, Mkenya, mlinzi wa mlangoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya tarumbeta.

"Wee! Leo umeng'ara hivi, ni harusi ama?"

"Anahitimu msahafu, Wanja," Mama akamwambia, na alikuwa anatabasamu.

"Graduation! Basi pita kama daktari." Akanipigia saluti. Kisha akakunja uso. "Lakini si mnajua lifti yenu ni ile ya nyuma."

Tukapanda na ile ya nyuma, pamoja na mapipa ya taka, mimi nimeinua gauni.

Nilikaa jikoni juu ya kigoda, sikuegemea chochote. Nilirudia sura zangu kimoyomoyo. Wageni walikuja, wanawake wa Kimarekani wenye viatu vyembamba, wakajaza sebule kwa vicheko. Mama aliingia na kutoka na sinia. Saa nane ilifika. Mama akavua aproni, akaitundika, akanawa mikono yake yenye hina. Madam akachungulia jikoni.

"Kerry, keki bado! Dakika chache tu."

Mama akaivaa tena. Dakika zile chache zilipita, zikapita na nyingine, na jua likaanza kuhama kwenye kioo. Nilimwona Mama akitazama saa ya ukutani kama mtu anayetazama maji yanayopanda. Halafu nikasikia kijiko kikigongwa kwenye glasi. Madam alikuwa anataka kusema.

Nikasogea mlangoni. Alisimama chini ya ile picha na akasimulia yote niliyoyajua: theluji, baba mlevi, mayai, mume mwenye unga kwenye kofia. Alifika kwenye wale wafuaji. Sauti yake ikatetemeka kwa kweli, siwezi kusema alikuwa anaigiza. Alisema mama wa babu yake alisimama mbele ya wanaume wote wale akasema mwanamke afanyaye kazi katika nyumba ya mwenzake ana siku yake, na mtu asimwite. Wageni wakapiga makofi. Wengine walisimama.

Basi. Imetangazwa. Hadharani, chini ya picha, na watu wamepiga makofi. Nilikuwa mtoto wa Dubai. Nilijua amri ikishatangazwa inafuatwa. Nikatoka jikoni na gauni langu jeupe, nikapita katikati ya viti mpaka alipokuwa Mama amesimama na sinia ya keki, nikazunguka nyuma yake, nikafungua fundo la aproni.

"Mwanangu, unafanya nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Amesema, Mama. Si umesikia? Siku ni yako. Twende, khalas."

Madam akaniinamia. "Anasema nini huyu mpenzi?"

Nikamwambia kwa Kiingereza changu chote cha shule. "Madam, picha iko ukutani. Sheria ni yake. Leo ni Ijumaa ya mama yangu."

Walicheka. Si kicheko cha ubaya, na hiyo ndiyo inayoniunguza. Kilikuwa kicheko cha watu walioguswa. Mmoja alisema oooh, mwingine akanipiga picha na simu yake. Madam alinikumbatia mpaka pumzi ikanibana, machozi yanamtoka, akawageukia wenzake. "Mnaona? Mnaona kwamba bado anaishi?" Wakainua glasi. Wakanywa kwa ajili ya yule mpinga ulevi.

Kisha madam, akiwa bado anapangusa machozi, akazishika zile kamba za aproni zilizokuwa zinaning'inia, akamfunga Mama upya kwa mikono yake mwenyewe, fundo zuri, kama mtu anayemfunga mtoto viatu. Akampigapiga begani.

"Keki, Kerry."

Mama akazungusha keki. Nilimtazama. Alimfikia kila mgeni. Hakumruka hata mmoja.

Tulitoka jua linazama. Wanja alikuwa anabadilishana zamu na mwenzake.

"Daktari! Graduation imeisha?"

"Imeisha," Mama alisema.

Wanja alitazama gauni langu lililokunjika, akamtazama Mama. Akatufungulia mlango mkubwa wa mbele, ule wa wenyewe, tukatoka kwa huo.

Kwa Bi Zuwena walikuwa wanakunja mikeka. Sahani za halwa zilikuwa zimebaki mafuta. Mtoto mwingine, aliyekuwa ahitimu siku moja nami, alikuwa amelala mapajani mwa mama yake amerowa marashi. Bi Zuwena hakuinuka.

"Ama Mwanakheri," alisema, "kwani huyo madam wako ndiye aliyemzaa mtoto huyu?"

Mama alisimama pale mlangoni na mikono yake yenye hina, ameinyoosha kidogo mbele, sijui kama alijua. Bi Zuwena akaiona ile mikono. Uso wake ukalegea, akasema njooni mkae, lakini Mama akasema la, kesho ana kazi.

Nilisoma mwisho wangu siku nyingine, katikati ya wiki, bila wageni. Bi Zuwena mwenyewe alinishikia. Mama alikuwa kazini. Mikono yake haikuushika ule msahafu hata mara moja. Duka la Baba lilipofungwa tulirudi Unguja sote, na aproni ile aliiacha imetundikwa jikoni kwa madam, imefuliwa na kupigwa pasi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo miaka yote hii. Yaliyoandikwa kwenye kitabu ni mengine.

Madam anaandika katika utangulizi kwamba aliamua kumaliza kitabu kile baada ya tukio moja dogo la ajabu. Kwamba siku aliyokuwa akimkumbuka bibi, binti mdogo wa msaidizi wao Kerry, aliyevaa nguo za sherehe za kwao, alimsikia, akamwendea mama yake na kumvua aproni. Kwamba hapo alijua sauti ya bibi inaweza kuvuka bahari na kizazi na kumfikia hata mtoto kama yule. Na kwamba yeye, madam, bila shaka, alimwambia Kerry aende nyumbani saa ile ile, na Kerry akatoka analia kwa furaha.

Bila shaka! Neno hilo nililisoma mara nyingi. Angenyamaza ningemwacha. Angesahau ningemwelewa, watu husahau. Lakini alikumbuka gauni, akakumbuka aproni, akakumbuka machozi, na kitu kimoja tu alichobadilisha ni kile alichotunyang'anya. Akajipa yeye. Siku ambayo Mama hakuipata imekuwa zawadi aliyoitoa madam, imechapishwa, inauzwa, inalaliwa chini ya mito ya hoteli yangu. Na watu watasoma na kusema oooh.

Nilimpigia Mama simu. Ilikuwa Ijumaa, alasiri kwetu na kwao. Nilimsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, sauti inanipanda mpaka Nakato akachungulia na kurudi. Mama alisikiliza. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watoto.

"Kaandika alinipa ruhusa?"

"Kaandika, Mama. Bila shaka, kasema."

Akacheka kwa pua. "Basi huyo Kerry wake alikuwa na bahati. Ningependa kumjua."

"Mama, nitamwandikia. Nitawaandikia waliochapisha. Mimi si mtoto wa jikoni tena, nina elimu yangu, nina cheo changu, siwezi..."

"Andika, mwanangu. Nani kakukataza? Uandike na jina langu lote." Kisha akauliza, "Hebu niambie. Ile picha wameitia?"

"Iko jaladani."

"Na mwenzangu yumo?"

Nilikuwa sijatazama. Nilikuwa nimeona ule uso mkavu tu na hasira ikanifunga macho. Nikakigeuza kitabu. Masharubu yalikuwepo, na wale watoto wanne, na Bibi Mbunge katikati. Pembeni picha ilikuwa imekatwa, kwa unyoofu, kwa kisu kizuri. Babu yake madam alikuwa bado yumo, mchanga, analia, anaelea hewani karibu na ukingo. Na tumboni mwake palikuwa na vidole vinne, vyenye ukungu wa kutikisika, vimemshika.

"Wamemkata, Mama. Vimebaki vidole."

"Vidole?"

"Vinne. Vimemshika mtoto."

"Wangemtoa pamoja na vidole," Mama akasema, "mtoto angeanguka."

Kule kwake sauti ya mtoto ilianza kusoma, nyembamba, inasita, na mwanamke akamwambia mwingine asogee.

"Haya, niache sasa," Mama akasema. "Mtoto wa jirani anahitimu, mama yake yuko Maskati kwa kazi, mimi ndiye wa kumshikia. Leo Ijumaa. Nina watu wangu."

Akakata.